Maswali ya Wasomaji: Niondoke Shuleni, au Niache Kazi?

Mwezi huu tumekusanya barua za walimu wa sekondari za serikali hapa Tanzania. Zote zinauliza kuhusu kuondoka. Ya kwanza ndiyo ndefu na imebeba mengi yaliyomo kwenye nyingine, kwa hiyo jibu lake tumelipa nafasi kubwa.

SWALI: Nafundisha Hisabati na Fizikia katika shule ya kata. Huu ni mwaka wangu wa tisa na nina umri wa miaka 34. Nilipofika tulikuwa na wanafunzi 600 hivi, sasa wako 400. Walimu wa sayansi tulikuwa watano, tumebaki wawili. Matokeo ya Kidato cha Nne yanashuka kila mwaka na sifuri zinaongezeka. Mkuu wa shule tuliye naye ni wa tatu ndani ya miaka minne. Shule binafsi ya mjini imenipa ofa ya mshahara wa 1,300,000, na hapa nalipwa 1,000,000 kabla ya makato. Mke wangu anasema nisubiri. Niache kazi?
*Mwalimu wa Hesabu, Kanda ya Ziwa*

JIBU: Mwalimu, umeuliza jambo moja lakini barua yako ina mawili. Kuondoka katika shule hiyo ni suala la uhamisho, na ukikosea unaweza kurekebisha. Kuacha utumishi wa umma ni suala jingine kabisa. Mlango wa kurudi upo, ila ni mwembamba: matangazo ya ajira za serikali kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye kazini serikalini, na ukirudi unaanza upya kama mwajiriwa mpya, na daraja ulilokuwa nalo halikusubiri. Walimu wengi waliochoshwa na shule moja huishia kuacha ajira yote, wakati kilichowachosha ni mkuu mmoja, jengo moja na ratiba moja.

Kabla ya kuzungumzia ofa, jiulize wanafunzi hao 200 wamekwenda wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia kama shule itainuka.

Kama kata ya jirani imepata sekondari yake, na nyingi zimejengwa miaka hii kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, basi wanafunzi wamegawanywa na hawatarudi. Pesa nazo zimegawanywa. Kwa viwango vilivyowekwa elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, mwanafunzi wa kutwa anailetea shule fidia ya ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, pamoja na ruzuku ya uendeshaji ya 25,000 ambayo nusu yake hubakizwa serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni ni 32,500 kwa kichwa. Wanafunzi 600 ni 19,500,000 kwa mwaka, na wanafunzi 400 ni 13,000,000. Hizo 6,500,000 zilizopungua ndizo zilizokuwa zikilipa karatasi na wino wa mitihani ya majaribio, kemikali za maabara, umeme na ukarabati wa madawati. Mlinzi hakubali kulipwa theluthi mbili kwa sababu wanafunzi wamepungua, wala bili ya maji haipungui hivyo. Hapo mkuu wa shule hata awe hodari vipi, anaendesha gari lenye mafuta kidogo. Mporomoko wa aina hiyo usitegemee utapita.

Kama wanafunzi wamo kwenye rejesta lakini hawaonekani darasani, wako mnadani, ziwani au machimboni, hilo ni tatizo la utoro na usimamizi. Linatibika, na mara nyingi hutibika mkuu mwenye msimamo anapopata afisa mtendaji wa kata anayemuunga mkono. Angalia rejesta ya Kidato cha Pili mwezi Machi kisha uilinganishe na ya Septemba. Waliopotea kati ya miezi hiyo ndio kipimo, kuliko hata matokeo ya mwisho.

Wakuu watatu ndani ya miaka minne ni dalili ya kuchunguza. Waliondokaje? Kama wawili walipandishwa au kuhamishiwa shule kubwa, halmashauri inaitumia shule yenu kama ngazi, na wa sasa naye hatakaa. Kama waliondolewa kwa ukaguzi wa fedha, kuna mtu Idara ya Elimu anayeifuatilia shule, na hiyo ni habari njema kidogo.

Kuna jambo jingine la kuweka kwenye hesabu. Darasa la mwisho la mfumo wa miaka 7 ya msingi na darasa la kwanza la mfumo wa miaka 6 yatamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza. Shule iliyopungukiwa leo inaweza kujazwa kupita kiasi wakati huo. Uliza halmashauri ina mpango gani na shule yenu. Kama kuna madarasa na maabara vinaongezwa, ni ishara. Kama hakuna, nayo ni ishara.

Sasa mzigo wako. Walimu wawili wa sayansi kwa wanafunzi 400 maana yake, tukikadiria, unabeba vipindi 30 au zaidi kwa wiki, vya dakika 40 kila kimoja. Hiyo ni saa 20 za kusimama ubaoni. Wanafunzi wako wakiwa 280, zoezi moja la Hisabati ukilisahihisha kwa dakika mbili kila daftari ni dakika 560, zaidi ya saa tisa. Ndiyo maana unasahihisha kwa kupiga tiki bila kufuata hatua, na mwanafunzi anarudia kosa lile lile la kuhamisha namba bila kubadili alama. Huo si uvivu wako. Lakini uandike kwa takwimu hizo hizo unapoomba mwalimu wa pili au unapoomba uhamisho, kwa sababu "nimechoka" haifanyiwi kazi na ofisi yoyote.

Tuje kwenye ofa. Tofauti ya 300,000 ni ya kwenye karatasi. Tuiteremshe mpaka mkononi, tukichukulia bado unakatwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Serikalini, kwa 1,000,000: PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5 ni 50,000, bima ya afya asilimia 3 ni 30,000, chama cha walimu asilimia 2 ni 20,000, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni 150,000, kodi ya mshahara, baada ya kuondoa mchango wa pensheni, ni 115,500. Unabaki na 634,500.

Shule binafsi, kwa 1,300,000: NSSF (mfuko wa pensheni wa sekta binafsi) asilimia 10 ni 130,000, Bodi ya Mikopo 195,000, kodi 179,000, bima asilimia 3, kama wanaitoa, 39,000. Unabaki na 757,000.

Kwa hiyo ongezeko halisi ni 122,500 kwa mwezi. Kama sasa unakaa nyumba ya shule na mjini utapanga vyumba viwili kwa 120,000, ongezeko limekwisha kabla hujapanda daladala. Na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mkononi. Kama nyumba utakayokaa ni ya shule hiyo binafsi, au mke wako tayari anafanya kazi mjini, hesabu inabadilika kabisa. Fanyeni hesabu hiyo pamoja. Huenda mke wako anaposema subiri ameshaifanya kichwani.

Pensheni ni eneo ambalo walimu wengi huumia bila kujua. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa kuwa umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Wewe una miezi 108 hivi. Ukiacha leo, michango yako haipotei, lakini pia huwezi kuichukua kesho. Lile fao la kujitoa ambalo walimu wa zamani wanalisimulia halipo tena. Fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita, ni la aliyepoteza kazi bila kupenda. Anayejiuzulu halimhusu. Kwa hiyo usipange kuanza maisha mjini kwa "mafao". Nenda ofisi ya PSSSF ya mkoa na kitambulisho, omba taarifa ya michango yako yote, hakiki kama kuna miezi iliyorukwa (hasa mwaka wa kwanza wa ajira), na uulize kwa maandishi utaratibu wa kuunganisha kipindi chako cha PSSSF na kile cha NSSF. Jibu la mdomo la dirishani halikusaidii ukifika miaka 55.

Kwa upande mwingine, tusiifanye serikali paradiso. Shule binafsi nzuri ina maabara yenye maji, darasa la wanafunzi 40 na mwalimu wa taaluma anayefuatilia kama kipindi kimefundishwa. Mwalimu wa Fizikia katika shule ya aina hiyo anakua kitaaluma kwa miaka mitatu kuliko alivyokua kwa tisa. Tatizo ni kwamba zipo pia shule binafsi zinazoporomoka haraka kuliko yenu, maana ada ikichelewa na mshahara unachelewa. Kabla ya kusaini, omba mkataba wenyewe uusome nyumbani. Angalia muda wake: wa mwaka mmoja unaohuishwa ni tofauti na wa kudumu. Angalia kama Desemba na Juni, shule zikifungwa, mnalipwa. Angalia kama kuhuishwa kwa mkataba kumefungwa kwenye idadi ya A au wastani wa somo. Uliza zamu za bweni na masomo ya Jumamosi yanalipwaje. Kisha tafuta walimu wawili waliopo na mmoja aliyeondoka, uwaulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi na kama michango ya NSSF inaonekana kwenye taarifa zao. Shule inayokata NSSF na kutoipeleka ipo, na mwalimu hugundua siku anayoihitaji.

Ujue pia kwamba kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Katika miezi hiyo utakuwa umeacha ajira ya kudumu na hujapata nyingine iliyokamaa. Weka akiba ya matumizi ya miezi minne kabla ya kuhama. Asiyeweza kuiweka hajawa tayari, hata ofa iwe tamu vipi.

Maoni yetu kwa hali yako: omba uhamisho sasa, tena kwa shule inayotajwa kwa jina yenye upungufu wa mwalimu wa Hisabati au Fizikia. Masomo yako yanatakiwa kila halmashauri. Hiyo ni nguvu yako, na pia ndiyo sababu mkurugenzi wako hatapenda kukuachia, kwa hiyo maombi yako yaonyeshe nani ataziba pengo. Mwambie mwenye shule binafsi kwamba unaweza kuanza Januari, si kabla. Uhamisho ukikataliwa au ukikaa kimya hadi Novemba, na mkataba wao ukapita vipimo hivyo, ondoka. Hakuna aibu. Kubaki miaka sita zaidi kwa ajili ya kufikisha miezi 180 tu, ukiwa umekata tamaa, ni hasara kwako na kwa watoto.

Ukiamua kuacha, fuata mpangilio huu. Soma barua yako ya ajira, kipengele cha notisi. Hicho ndicho kinachokubana. Anayetaka kuondoka ndani ya saa 24 kwa kawaida hulipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, na malipo hayo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, siyo kumkabidhi mtu fedha mkononi. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, nakala kwa Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Iwe fupi: jina kamili, namba ya hundi, shule, tarehe ya mwisho wa kazi. Usiandike malalamiko humo. Yaliyokuudhi yaandike kwenye barua nyingine kama ni lazima. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kabidhi kwa maandishi: vitabu kwa idadi, funguo za maabara, nyumba na samani zake, alama za tathmini endelevu za madarasa yote, maazimio ya kazi na mada uliyofikia. Dai stahili zako kabla, siyo baada: nauli ya likizo, gharama za matibabu, malimbikizo ya mshahara kama ulipandishwa daraja na hukurekebishiwa. Deni la mtumishi aliyeondoka hukaa chini kabisa ya faili. Halafu subiri barua ya kukubaliwa kuacha kazi. Bila barua hiyo, kwenye mfumo wewe bado ni mtumishi uliyetoweka.

Na wakati mzuri ni mwisho wa Novemba, Kidato cha Nne wakishamaliza mtihani wao wa taifa. Kuondoka Julai kunawaacha bila mwalimu katika miezi ile ya marudio, na si rahisi aletwe mwingine katikati ya mwaka wa masomo.

SWALI: Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, umebaki miaka minne. Nikijiuzulu, benki itamalizana na mfuko wa pensheni?
*Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro*

JIBU: Hapana. Mkopo ni wako na benki, na mfuko wa pensheni hauingii. Siku mshahara unapokoma kupita, makato yanakoma, na benki inakutafuta wewe na wadhamini wako. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema ajira ikikoma, salio lote linadaiwa kwa mara moja. Soma wako. Bima uliyokatwa ulipokopa kwa kawaida hulipa mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Kujiuzulu hakumo.

Nenda benki *kabla* ya kuandika barua ya kuacha kazi. Omba taarifa ya salio la kumaliza mkopo leo, maana ni dogo kuliko rejesho la mwezi ukizidisha kwa miezi 48. Riba ya miezi ambayo haijafika hupaswi kulipa yote. Kisha omba mkopo upangwe upya kwa rejesho utakalolipa kutoka akaunti ya mshahara mpya, ukiwa na barua ya mwajiri mpya mkononi. Benki inamsikiliza anayekuja akiwa bado na mshahara. Anayekuja baada ya miezi miwili ya kutolipa anakutana na ofisa wa madeni.

Kama makato yako yamefika pale ambapo mkononi inabaki ile theluthi moja ya mshahara tu, tunakushauri usiache kazi mwaka huu. Lipa kwanza. Hata uhamisho wa kwenda mjini utakubana, kwa sababu theluthi inayotosha kijijini haitoshi kupanga na kula mjini.

Mkopo wa elimu ya juu nao unakufuata. Usipokuwa na mwajiri wa kukukata, unatakiwa kulipa mwenyewe. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato au angalau 100,000 kwa mwezi. Ukihamia kwa mwajiri mwingine, mpe namba yako ya mkopo mwezi wa kwanza, usingoje waje wagundue.

SWALI: Nilimpata mwalimu wa kubadilishana naye vituo, mimi wa Baiolojia na yeye wa Historia. Maombi yetu yamerudi. Kuna mtu amenipigia simu anasema kwa laki tatu atayapitisha.
*Mwalimu, Singida*

JIBU: Yamerudi kwa sababu ya masomo. Kubadilishana ni kuziba pengo kwa pengo: halmashauri inayokutoa wewe wa Baiolojia haiwezi kupokea wa Historia na kubaki na maabara bila mtu. Tafuta wa somo lako na ngazi ile ile ya elimu, ikiwezekana wa daraja linalokaribiana. Kama wewe ni mwajiriwa mpya, hakikisha pia umetimiza miaka mitatu kituoni. Maombi ya chini ya hapo hukwama hata kila kitu kingine kiwe sawa.

Maombi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi kujihudumia, kwa hiyo unaweza kuona yamesimama kwa nani. Ndani ya halmashauri moja, uamuzi ni wa mkurugenzi. Ukivuka halmashauri ndani ya mkoa, ni Katibu Tawala wa Mkoa. Ukivuka mkoa, ni OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Anayefuata mwenza aambatanishe cheti cha ndoa na uthibitisho wa mahali mwenza anapofanya kazi. Mgonjwa aambatanishe taarifa ya daktari wa hospitali ya serikali inayosema kwa nini matibabu hayapatikani alipo. "Hali ya hewa hainifai" tumeiona mara nyingi, na hatujaona ikipita.

Huyo wa laki tatu ni tapeli, au ni mla rushwa. Kwa vyovyote umepoteza. Namba yake ipeleke TAKUKURU.

Jingine: uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipwi. Nauli, mizigo na posho ni za anayehamishwa kwa manufaa ya umma. Weka akiba ya lori. Na usifunge mizigo mpaka barua iwe mkononi, kwa sababu "imeshapita, bado kusainiwa" inaweza kuchukua muhula mzima.

SWALI: Mdogo wangu ni mwalimu. Agosti aliondoka shuleni bila barua akaenda kufanya biashara. Mshahara umeendelea kuingia miezi mitatu. Yeye anasema wakimwondoa, basi ndiyo ameacha kazi.
*Dada, Mbeya*

JIBU: Dada, mwambie hiyo si kuacha kazi. Ni utoro kazini. Kutoonekana kituoni siku tano bila ruhusa kunatosha kumfungulia shauri la nidhamu mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na adhabu yake ya kawaida ni kufukuzwa. Aliyejiuzulu ana barua safi. Aliyefukuzwa ana rekodi inayomfuata, hata akiomba kazi katika taasisi nyingine ya umma miaka kumi baadaye.

Ile miezi mitatu ya mshahara ni deni la serikali. Asiitumie, na kama ameshaitumia aanze kuirudisha kwa namba ya malipo atakayoomba kwa mhasibu wa halmashauri, atunze risiti. Mkuu wa shule aliyenyamaza naye yuko matatani, kwa hiyo asitegemee atafichwa. Aende halmashauri wiki hii, si kwa simu, akamwone Afisa Elimu Sekondari na afisa utumishi. Kama hati ya mashtaka imeshatoka, aijibu kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa humo. Walimu wengi hufukuzwa kwa kutojibu tu. Kama haijatoka, akaeleze alipo na nia yake. Huenda akaruhusiwa kuondoka kwa utaratibu, huenda asiruhusiwe. Akikaa kimya, jibu ni moja tu.

SWALI: Mimi ni mkuu wa shule. Mwalimu wangu pekee wa Kemia amenipa barua ya kuacha kazi, nikaiweka mezani nikitumaini atabadili mawazo. Naweza kumzuia?
*Mkuu wa shule, Pwani*

JIBU: Huwezi, na kukaa na barua yake ni kumwumiza yeye na wewe mwenyewe. Ipeleke leo ikiwa na maoni yako. Kila siku inayokaa mezani inachelewesha yeye kutolewa kwenye orodha ya mishahara, na ndiyo mianya inayozaa mishahara hewa yenye jina la shule yako.

Kitu unachoweza kufanya ni kuzungumza naye kuhusu tarehe. Mwalimu akiheshimiwa hukubali kumalizia mada za vitendo za Kidato cha Nne kabla hajaondoka: uchanganuzi wa chumvi na utitirishaji. Nadharia mwanafunzi anaweza kuisoma na mwalimu mwingine wa sayansi au akiwa na kitabu. Vitendo haviwezekani bila mtu anayejua kuandaa miyeyusho. Mwombe akuandikie uwiano wa miyeyusho anayotumia, kemikali zilizobaki kwa gramu na mililita, na chupa zipi zimepoteza lebo. Ukurasa huo mmoja utakuokoa wakati wa mtihani wa vitendo, msimamizi atakapofika na maelekezo na hakuna anayejua asidi iko rafu gani.

Chukua alama za tathmini endelevu za Kemia akiwa bado yupo na uzihakiki naye jina kwa jina. Zinaingia kwenye matokeo ya mwisho ya mtahiniwa, na alama zilizopotea na mwalimu aliyeondoka hazina wa kuzithibitisha.

Wakati huo huo andika kwa Afisa Elimu Sekondari kuomba mbadala, ukionyesha vipindi kwa wiki na idadi ya wanafunzi kwa kila kidato. Omba pia mwalimu wa Kemia wa shule ya jirani aje siku mbili kwa wiki. Afisa elimu anaweza kuliandikia barua, na nauli yake ipangwe kwenye ruzuku ya uendeshaji kupitia bodi ya shule. Mwalimu wa kujitolea ni msaada, ila michango ya wazazi ya kumlipa inataka kibali kwanza. Usikusanye hata shilingi mia kabla ya kibali hicho.

Mwisho, mwulize kwa nini anaondoka, na usijitetee anapojibu. Kama ni mshahara, huna la kufanya. Kama ni kwamba ana vipindi 34 huku mwenzake wa somo jingine ana 12 na zamu ni sawa kwa wote, hilo liko kwenye ratiba uliyoisaini wewe, na mwalimu wako wa Fizikia naye anaisoma hiyo hiyo kila Jumatatu.